Wagonjwa wa Kijiweni

Kijiwe chetu kina benchi moja na desturi moja: asiyekuwepo husemewa na aliyekaa nafasi yake. Ndiyo maana mpwa wangu alipotujia uso umempauka, tulijua tutamsaidia. Anasomea shahada ya uzamili, nasi tunamwita Masta kabla chuo hakijampa. Anatafiti kwa nini wagonjwa wa presha huacha dawa. Wengi wamekataa kuhojiwa, na msimamizi anataka kazi kesho.

— Wamepungua wangapi? akauliza Kinyozi.

— Nusu nzima. Bila wao sihitimu.

— Ndiyo unalia? Niandike mimi. Niliacha dawa kwa sababu zilininyonyoa nywele.

— Dawa za presha hazinyonyoi nywele!

— Mgonjwa nani, mimi au wewe?

Dereva mstaafu, tunayemwita Breki kwa kuwa mdomo wake hauna, akaweka kikombe chini.

— Mimi niweke mjamzito.

— Mzee, una ndevu!

— Kwani karatasi yako ina picha? Andika: nikaacha dawa, nikajifungua mapacha, presha ikamhamia mume wangu.

— Mume mwenyewe ndiye mimi, nikadakia. Huyu mke ananipandisha presha kila siku.

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Masta naye, Mungu amsamehe, alikuwa anaandika.

— Lakini mjomba, maadili ya utafiti yanakataza kubuni majibu.

— Nani anabuni? Breki akaja juu. Sisi tunawakilisha!

Mara akatokea mama mkwe wa Kinyozi. Kinyozi akaruka kumpisha.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Natoka zahanati. Vidonge vyao vya presha vinanipa kizunguzungu, nimeviacha. Mnacheka nini?

Masta akamweleza kwa madaha kwamba utafiti wake ukipita, zahanati itautumia kupanga dawa upya. Kisha, kwa sauti ya chini, akamweleza na wagonjwa wake ni akina nani. Mama akatutazama mmoja mmoja.

— Sasa hizo dawa zikishapangwa, atakayezimeza nani?

Kinyozi akachungulia kikombe kitupu. Breki akakohoa. Mimi niliona aibu, sisemi uongo. Masta akazichana karatasi zetu, mjamzito na mumewe.

— Na kesho? nikamnong'oneza.

— Nitamwambia msimamizi sijamaliza.

Akamgeukia mama.

— Unaniruhusu nikuulize machache? Ukikataa, sina neno.

— Uliza, mwanangu. Ila hawa wagonjwa wenzangu wasogee kule.