Mzee Alvin, Adui Yetu Tunayemwombea

Wafanyakazi wenzangu wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana. Mu wazima? Migongo inaendeleaje? Mimi sijambo, ila leo moyo umejaa, kwa hivyo mnivumilie.

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 1997, Mzee Alvin Torvik anastaafu baada ya kuendesha gari la nyumba yetu ya wazee hapa New Hope kwa miaka kumi na minne. Kabla ya hapo aliigiza filamu za kauboi huko California, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupigwa risasi. Alikufa mara arobaini na moja. Ameanguka kutoka kwa farasi, kwa paa, na mara moja kutoka mnara wa kanisa, dhambi ambayo anasema alishaitubu.

Mimi nilimwona akifa nikiwa msichana mdogo Nakuru, sinema ya bure ikionyeshwa kwa ukuta wa soko. Tulipiga makofi! Nilipoajiriwa hapa nikamkuta mlangoni na funguo za gari, nilimwambia hivyo hivyo. Akafurahi sana, akauliza ilikuwa mara ya ngapi.

Ujuzi wake haukupotea. Kila baridi ikianza alitupanga nje, akina mama wazima, akatufundisha kuanguka kwenye barafu: kidevu kifuani, mikono ndani, lala ubavu. Mwenzetu Margaret alianguka vizuri hata wazee wakamshangilia dirishani. Hakuna aliyevunjika mkono tangu hapo.

Tulimwita Steringi. Yeye akadhani tunamsifu kuwa fedha safi, maana kwa Kiingereza ndivyo inavyosikika, akaliandika kwenye beji. Mwenzetu Jeptoo akamweleza kwamba steringi ni yule mkuu wa sinema, yule asiyekufa. Mzee akaivua beji. Hakuwahi kuwa huyo hata siku moja, akasema; je, yule anayekufa anaitwaje? Adui, tukamjibu. Basi mniite Adui, akasema.

Ndiyo sababu Pasta Elkanah, alipotutembelea, alitukuta tumefumba macho tukisema, "Bwana, mlinde Adui, umwongoze barabarani." Nusura aondoke na Biblia yake! Margaret akamkumbusha kwamba Yesu mwenyewe ndiye aliyetuagiza.

Sasa, wapendwa, hili si la mchezo. Jumanne ijayo Mzee Alvin anapasuliwa moyo huko Saint Paul. Anatania kwamba kufa amezoea. Lakini juzi nilimkuta ndani ya gari lililozimwa, ameshika usukani kwa mikono miwili. Aliniuliza polepole kama ni kweli steringi hafi. Nikamwambia, hafi.

Mzee Alvin, Haika atakusomea haya kwa Kiingereza. Asante kwa kila asubuhi ya theluji uliyotufuata na gari hadi kwetu Fridley. Mungu akupe miaka mingi ya kukaa tu, bila kuanguka. Jeptoo aliitunza ile beji, na leo tunakurudishia. Usiivue mpaka daktari aseme.

Tutaendelea kukuombea. Ukiamka, tafadhali tujibu upesi.

Philister, zamu ya asubuhi