Nilivyomeza Vidonge Nikasahau Kutembea

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na kila pingili ya mgongo wangu! Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa nyumbani. Kigoda changu na sufuria ya mbaazi za kumenya vilinitosha. Bwana angerudi saa yoyote, angenikuta nimekaa.

Hapo kwa kigoda ndipo maumivu yalinipata. Yalianza kiunoni, yakashuka nyuma ya goti mpaka kidole cha mwisho, kama waya ya moto. Hospitalini wakapiga picha: diski ya mgongo imetoka mahali pake, inafinya neva. Wakapima damu, vitamini B12 imepungua. Daktari akanipa vitamini, dawa ya maumivu na karatasi ya mazoezi. Akaniambia, "Mama, hivi vidonge vya vitamini ni vibarua tu. Kazi kubwa ni mazoezi na kutembea. Na usibebe kitu kizito."

Ndugu zangu, masikio yangu yalishika vidonge peke yake! Karatasi nikafunikia sufuria ya maziwa. Nikaongeza mkebe wa virutubisho nilionunua sokoni Malili, nikakaa kungoja uponyaji. Baada ya wiki tatu maumivu yakatulia. Nikasimama hapa hapa mbele yenu, nikashuhudia nimepona kabisa! Mkapiga makofi.

Jumamosi iliyofuata akina mama tukapelekea maji jirani yetu aliyejifungua. Desturi yetu mnaijua: mtungi mgongoni, mukwa, ule mkanda wa kubebea, kwa paji la uso. Ningekataaje, na nimeshashuhudia? Nikainuka na lita ishirini. Hatua ya nne, mgongo ukakataa. Nikabaki nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. Mkanirudisha nyumbani kwa wilibaro, tena mkiimba!

Mama mkwe wangu alikuwa mlangoni. "Aiya, Mama Mutheu! Ushuhuda ulitoka na miguu, mbona umerudi na gurudumu?"

Nilicheka huku nalia, maana mguu wa kushoto ulikuwa na ganzi na unyayo hauinuki vizuri. Siku hiyo hiyo nikapelekwa hospitali. Daktari akasema atakuwa akiupima kila wiki. Ukizidi kulegea, ni kupasuliwa. Mkebe wa Malili akausoma, akaniambia niuweke kando: vitamini iliyo ndani ni ile ile ninayomeza tayari.

Hapo niliogopa. Nikaomba, "Bwana, nisamehe. Nilikutumia kama kigoda." Akanijibu kupitia mama mkwe! Kila asubuhi nilimkuta ameketi kwa kigoda changu, karatasi ya mazoezi mkononi, ina alama ya sufuria.

"Hapa pana mwenyewe," ananiambia. "Lala kwa mkeka ufanye ya kwanza. Halafu twende mpaka mtoni."

"Mwaitu, mama yangu, leo naumwa."

"Basi tutaenda pole pole, na maumivu yaje nasi."

Wiki baada ya wiki, unyayo ukaanza kuinuka. Kisu hakikunigusa! Vitamini bado nameza, mpaka daktari aseme basi, na zimenisaidia. Lakini kibarua hafanyi kazi kama mwenye shamba amelala.

Ndugu yangu unayeumwa, mtegemee Mungu. Nenda upimwe, umeze ulichopewa, kisha uinuke hapo ulipoketi. Leo nimekuja kanisani kwa miguu yangu, na nitarudi kwa miguu hiyo hiyo. Wilibaro nimeiacha nyumbani, imejaa mbolea. Haleluya!