Siku Gurdev Alipovunja Rekodi Ruiru

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani pale Kiganjo, mwambie mteja avute kiti. Mimi ni Jentrix Wamalwa, na leo tunamkumbuka mtu wa sauti.

Jina lake ni Ephantus Kang'ethe. Mzee Ephantus Kang'ethe, wa Ruiru. Alituaga Jumanne iliyopita akiwa na miaka tisini na miwili, usingizini, ameshiba siku, mkewe yuko kando yake. Huyo mkewe, Cucu Idah Ngendo, nyanya yetu sote, amenionya nisilie hewani. Ameniambia hivi: "Ukilia, mimi nitazima redio. Huyo mzee alikuwa wa kuchekesha." Basi nimekatazwa, na mimi namwogopa Cucu Idah kuliko ninavyomwogopa meneja wa stesheni.

Turudi nyuma. Mwaka ni 1958. Kati ya Ruiru na Thika, ndani ya shamba moja la mkonge, kulikuwa na barabara ya lami iliyozunguka na kurudi ilikotoka. Wazungu wa klabu ya mbio za magari waliipa jina refu la Kiingereza. Watu wetu waliiita Kwa Duara. Magari ya mbio yalitoka Nairobi, Nakuru, hata Kampala, kuja kuzunguka Kwa Duara. Sifa za uwanja huo zilikuwa zimeenea. Leo ukienda pale utakuta nyumba za kupangisha na kamba za nguo.

Wazungu walikaa upande wa kivuli. Wafanyakazi wa mashamba walisimama ng'ambo, kwenye tuta la udongo, juani. Shida ikawa moja. Mtangazaji wa klabu alisema Kiingereza tupu. Akiwaambia watu wa tutani warudi nyuma, wao wanasogea mbele wasikie vizuri! Magari yanapita hatua chache kutoka kwenye vidole vyao vya miguu.

Ephantus wakati huo alikuwa anakata tikiti kwenye geti. Kijana mwembamba, sauti nene. Katibu wa klabu akamwita, akampa maikrofoni, akamwambia aseme neno moja tu kwa Kiswahili: rudini nyuma. Ephantus akasema. Watu wakarudi. Ile maikrofoni, wasikilizaji wapendwa, hakuirudisha tena.

Alijengewa kibanda chake cha mbao juu ya nguzo, na ngazi ya kupandia. Kuanzia hapo mbio zikawa na ladha. Cucu Idah bado anaweza kumwigiza, na alipomwigiza mbele yangu nilishika mbavu. "Huyooo anaingia kona ya mkonge! Breki, ndugu, breki! Leo huyu atalala kwa mkonge na bibi yake amepika!" Watu walitoka Thika kwa miguu, si kwa sababu ya magari. Walikuja kumsikia Ephantus.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yanapoanzia.

Ephantus alikuwa anampenda Idah. Idah alikuwa anaishi na mama yake, Wamboi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, karibu kabisa na Kwa Duara. Baba yake Idah, Mzee Bedan, hakuwepo. Ilikuwa hali ya hatari, ile ya wakati wa Mau Mau, na Bedan alikuwa amewekwa kizuizini mwaka wa nne sasa. Kabla ya hapo alikuwa mpiga kodiani. Alikuwa na rekodi moja. Moja tu maishani. Aliirekodi Nairobi kabla hajashikwa, wimbo wa kuchezea, wa kijana aliyekanyaga kidole cha msichana kwenye dansi. Hiyo rekodi ndiyo sauti ya pekee ya mumewe ambayo Wamboi alikuwa nayo. Alikuwa anaiweka ndani ya kitenge, chini ya godoro. Akizidiwa na upweke, anaenda kwa jirani mwenye gramafoni, anaisikiliza mara moja, anarudi nayo.

Klabu ilikuwa na gramafoni, pale pale kibandani kwa Ephantus, iliyounganishwa na vipaza sauti. Kila mbio zikiisha walipiga matarumbeta ya kijeshi, watu wetu wanapiga miayo. Ephantus akapata wazo. Akaenda kwa Wamboi, akavua kofia, akaomba ile rekodi. Cucu Idah anakumbuka maneno ya mama yake sawasawa:

"Wewe kijana, unataka msichana wangu. Najua, usinifiche. Basi beba hii lekodi. Ikirudi nzima, tutaongea mambo ya msichana baba yake akirudi. Ikivunjika, usinionyeshe hiyo uso yako tena."

Nakariri, wasikilizaji wapendwa. Rekodi ikirudi nzima, kuna maongezi. Ikivunjika, hakuna Idah.

Rekodi za zamani zilikuwa zinavunjika kama sahani ya udongo, na jua likizichoma zinajipinda. Ephantus akaifunga ndani ya koti lake, akailaza mahali pa kivuli ndani ya kibanda. Kisha akafanya kosa la kwanza. Akawatangazia watu wa tutani: "Leo ninayo rekodi ya kodiani hapa! Mtaisikia mbio zikiisha!" Watu wakapiga vigelegele. Hakutaja jina. Lakini Ruiru nzima ilijua ni ya nani.

Mbio zikaanza. Kulikuwa na dereva mmoja, Gurdev, Kalasinga wa Thika mwenye karakana ya magari. Kijigari chake cha kijani alikiunda mwenyewe kwa vyuma vya magari mengine. Watu wa tutani walimpenda sana, kwa sababu magari ya Wazungu yaling'aa na lake lilikuwa na viraka. Siku hiyo sijui alikuwa amekula nini. Raundi baada ya raundi, anakaza tu. Kwenye kona ya mkonge, pale wenzake wote walipopunguza, yeye hakupunguza. Gari likaenda kwa ubavu, likayumba, likanyooka. Akapita kwenye mstari, na wenye saa wakatazamana. Hakuna gari lililowahi kuzunguka Kwa Duara kwa kasi ile. Hakuna. Wazungu wakasimama, mmoja akatupa kofia.

Mtangazaji wa Kiingereza akapayuka. Ephantus akamsikia, akatafsiri neno kwa neno, kwa sauti yake yote:

"Gurdev amevunja rekodi! Ndugu zangu, Gurdev amevunja rekodi!"

Alingoja vigelegele. Tuta likanyamaza kimya.

Mnaelewa, wasikilizaji wapendwa? Siku hizi watangazaji wetu wa michezo wanavunja rekodi kila Jumamosi. Lakini mwaka 1958, kwa mfanyakazi wa kahawa wa Ruiru, rekodi ilikuwa kitu kimoja tu duniani. Ile nyeusi ya duara inayoimba. Na walikuwa wameambiwa iko pale!

Idah alikuwa tutani. Anasema mwanamke mmoja nyuma yake alipiga ukemi, "Uuui! Lekodi ya Bedan!" Mzee Muasya, Mkamba wa kukata mkonge, akauliza: "Lakini huyu Kalasinga si alikuwa kwa gari? Ameivunja namna gani?" Mwingine akamjibu kwa hasira: "Ameikanyaga na tairi!" Na Ephantus kule juu, akidhani hawakusikia, akarudia: "Nasema ameivunja! Ameivunja kabisa! Hiyo ya zamani tuisahau!"

Hiyo ya zamani tuisahau. Jamani!

Idah akakimbia. Alizunguka ua, akampita askari wa geti, akapanda ile ngazi. Nilimuuliza alimwambia nini. "Sikumwambia kitu," akasema. "Nilimpiga kofi kwanza, ndio nikauliza."

Na maikrofoni ilikuwa wazi. Ruiru nzima ikasikia kofi.

Baada ya kofi wakasikia sauti ya msichana: "Umevunja sauti ya baba!" Kisha ya Ephantus, ya chini sasa: "Nani? Mimi? Iko hapa, Idah. Iko kwa koti. Tazama." Kisha Idah tena, na hii ndiyo iliyomtoa Ephantus jasho: "Mama yuko nyumbani, na mama amesikia."

Ni kweli. Mama Wamboi alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Vipaza sauti vilifika mpaka kwake. Alipoyasikia yale maneno aliweka ungo chini, akawaambia majirani, "Mzee wangu amekufa mara ya pili." Akaingia ndani, akafunga mlango. Yale ya kofi hayakumfikia.

Ephantus angefanyaje? Akienda kwa miguu, anaacha kazi na mama hamfungulii. Akieleza kwa maikrofoni, nani atamwamini? Katibu wa klabu alikuwa tayari anapanda ngazi, amebeba wimbo wa heshima wa kumpigia mshindi. Ephantus hakumngoja. Alitoa rekodi ya Bedan kwenye koti, akaipangusa kwa mkono wa shati, akashusha sindano.

Kodiani ikalia juu ya mkonge. Kisha ikaja sauti ya Bedan. Waimbaji wa wakati ule walikuwa wanajitaja, na Bedan naye alijitaja kwa Kikuyu: ni mimi, Bedan wa Ruiru, nasalimia nyumbani kwangu. Mtu aliyefungiwa na serikali, anasalimia nyumbani kwake kutoka kwenye vipaza sauti vya Wazungu! Hakuna aliyethubutu kupiga kelele. Cucu Idah anasema watu wa tutani walisimama wakitazama chini, na miguu yao inacheza. Katibu hakujua Kikuyu. Alisimama katikati ya ngazi, akasikiliza, na kiatu chake kikaanza kugonga mbao. Gurdev alikuwa anazunguka polepole akipunga mkono. Alidhani kapigiwa yeye.

Na kule nyumbani, mlango ukafunguliwa. Majirani walimwona Mama Wamboi ametoka nje, amesimama uani, mikono kifuani, mpaka wimbo ukaisha.

Jioni Ephantus alirudisha rekodi. Mama Wamboi aliipokea, akaigeuza upande huu na ule, akaiingiza kwenye kitenge. Akamwambia, "Ingia unywe uji." Basi. Kijana akaingia.

Bedan alirudi mwaka uliofuata, amekonda, haongei sana. Walimweleza habari yote. Alimwita Ephantus, akamuuliza maswali mawili tu.

"Hao Wazungu walinisikia?"

"Walikusikia, baba."

"Na walicheza?"

"Mmoja aligonga na kiatu."

Cucu Idah anasema baba yake alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu arudi. Alipomaliza kujifuta machozi akasema, "Huyu mpeni msichana."

Waliishi pamoja miaka sitini na mitano. Kwa Duara ilifungwa, mkonge ukang'olewa. Ephantus akawa mnadi wa sokoni Thika, na mtangazaji wa kila harusi na kila harambee ya kanisa. Gari likipita jingine barabarani hakusema limevunja chochote. Alisema, "Limepita yote." Miaka minane iliyopita ugonjwa wa kiharusi ukamnyima ile sauti. Alibaki akitabasamu na kuonyesha kwa mkono.

Nilipokuwa naandaa kipindi hiki nilitaka mumsikie. Niliuliza kanisani. Niliuliza sokoni, nikauliza watoto. Mtu aliyesema maisha yake yote mbele ya umati, hakuna aliyemrekodi. Hata kwa simu. Hata neno moja. Nikamwambia Cucu Idah. Akasema, "Ya baba yangu ninayo. Ya mzee wangu sina."

Kwako Cucu Idah, kwa watoto wako Kagwe, Bedan aliyepewa jina la babu yake, na Wamboi wa jina la nyanya yake, na kwa wajukuu wote, poleni sana. Stesheni hii inawakumbatia. Mungu awape nguvu, na amlaze mzee pema.

Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu mzima hapo nyumbani kwako. Pengine sasa hivi analalamika kwamba chai haina sukari. Toa simu, ubonyeze pale pa kurekodi, umwache alalamike.