Asubuhi ya Kumwinua Tirza

Mheshimiwa Rabi Pinhas. Afande uliyetumwa na kikosi. Mwenyekiti wa kijiji chetu. Majirani, na ninyi vijana mliokuja na sare moja kwa moja kutoka mpakani: nawataja tu, siwasalimu, maana katika nyumba ya msiba hatusalimiani. Na wewe dada yangu Tirza, na shemeji Zekharya, mliokaa kwenye viti hivi vifupi tangu tulipomzika Itiel wenu: leo ni asubuhi ya saba, matanga yetu yanaisha, nami nimepewa kazi ya kusema kabla hamjainuka.

Kwa nini mimi? Shule niliishia darasa la nane. Lakini nani hapa hajui kwamba mdomo wangu haujawahi kupumzika? Na nani hajui kwamba dengu mlizokula mliporudi makaburini zilitoka jikoni kwangu, au kwamba Itiel na Elyashiv wangu walikulia pande mbili za uzio mmoja, wenye tundu walilolitoboa wenyewe?

Kila Ijumaa akipewa likizo, Itiel alipitia tunduni kwangu kwanza. "Mama Simha, nionjeshe mkate kabla sijaenda kulishwa na mama." Nampa wa moto, na nyanya na pilipili. Mara sauti ya Tirza inaruka uzio: "Simha! Unaniharibia mtoto! Akifika huku hali!" Nami najibu: "Jifunze kupika basi!" Mtoto anacheka, mashavu yamejaa.

Afande ametueleza jinsi Itiel alivyorudi kumchukua mwenzake aliyejeruhiwa, ilhali angeweza kubaki salama. Mimi sikushangaa. Nikimtuma kufunga mabanda, harudi mpaka kuku wa mwisho ameingia. Ndivyo mlivyomlea, Tirza na Zekharya.

Mnaijua desturi yetu: anayekuja kuhani hafungui mdomo mpaka mfiwa aseme kwanza. Kwa mtu kama mimi ni adhabu! Tirza alinyamaza, nami nikanyamaza ubavuni mwake, simu mfukoni mwa aproni, macho langoni. Kwa nini langoni? Kina mama wenzangu, mnajua. Kila gari linalopunguza mwendo kijijini, tunachungulia kwanza kama waliomo wamevaa sare, wale waletao habari ya kifo; tukiona sio, ndipo tunapumua. Elyashiv wangu, mrefu kuliko mlango huu, dereva hodari kuliko wote katika kikosi kile kile, hajapiga simu tangu mazishi. Hata Sabato, siku tunayozima simu zote, niliiacha imewashwa, na Rabi akaniruhusu. Lakini ningewezaje kumlilia mwanangu mbele ya mama aliyekwisha kumzika wake?

Siku ya tatu Tirza akageuka. "Simha, dengu zako hazikuwa na chumvi."

"Muongo mkubwa wewe!" nikasema, nyumba nzima ikashtuka.

Hatukucheka, ila ilibaki kidogo tu tucheke. Kisha akauliza polepole, "Elyashiv amepiga?"

Nikatikisa kichwa.

"Itoe hiyo simu huko mfukoni. Iweke hapa katikati yetu. Tuingoje wote."

Nilikuja na chungu cha chakula nikidhani mimi ndiye niliyebeba kitu. Tangu siku hiyo simu imekaa kati ya viti vyetu, na mpaka sasa haijalia.

Leo alfajiri, dada, umeniambia huinuki. Umesema ukiinuka, Itiel atakuwa ameondoka kweli, na simu itabaki bila mtu wa kuingoja. Sina maneno ya vitabuni ya kukujibu. Rabi atawaombea faraja pamoja na wote wanaoomboleza Sayuni na Yerusalemu, nasi tutaitikia amina. Mimi nasema hivi: sasa hivi tunatoka sote kukizunguka kijiji kama ilivyo desturi. Tutapita mabandani, tutapita kwangu, tutapita lile tundu, na naapa mbele yenu halitazibwa nikiwa hai. Simu utaibeba wewe. Ikilia, pokea wewe, umgombeze kwanza kwa kututesa, halafu unipe. Na kama badala ya simu ni gari linaloingia langoni, mimi sitaweza kutazama. Utazame wewe, unishike mkono.

Nyote mlionivumilia na kunisikiliza asubuhi hii, nawashukuru. Mungu awarudishe wana wenu.

Tirza, shika simu. Inuka, dada. Wanatungoja mlangoni.