Elijah Gachanja Karanja, Aliyelinda Miti ya Mikimani

Marehemu Elijah Gachanja Karanja alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Gatanga, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Karanja na Mama Njambi. Alisoma shule ya msingi hapo nyumbani na kufanya mtihani wa CPE mwaka wa 1966. Sekondari hakubahatika kwenda, na hilo hakulinung'unikia hata siku moja.

Mwaka wa 1970 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika shamba la kahawa hapa Murera. Shamba lilipogawanywa mwaka wa 1989, familia arobaini na nane, nyingine kutoka Thika na Ruiru, zilinunua ploti, na kahawa ikang'olewa. Mikima, ile miti mirefu iliyoitia kahawa kivuli, ikabaki, na ndiyo iliyoupa mtaa wetu jina. Gachanja alishikilia kwamba isiguswe. Ni yeye aliyeandika sheria yetu: anayetaka kukata mti asimame mbele ya majirani, aseme sababu, na watatu waweke sahihi. Ndiyo maana bado tunafuga nyuki na kuku huku maghorofa yakipanda pande zote.

Hakuwa mtu rahisi. Jirani yake Tobias alipolalamika kwamba majani yanaziba mifereji ya paa lake, Gachanja alimwuliza mkutanoni, "Mti umekukosea nini, bwana?"

"Mzee, maji inaingia kwa nyumba na wewe unanichezea," Tobias alijibu.

Tobias hakupata sahihi hata moja. Jumamosi iliyofuata Gachanja alimfikia na ngazi, akaizibua mifereji mwenyewe, na hakukosa Jumamosi kwa miaka sita. Urafiki wao ulianzia juu ya paa hilo.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa mjini Thika na Katunge, binti wa Mzee Mwau wa Matuu. Walijaliwa watoto wawili. Katunge alizoea kumtania kwamba ameolewa na msitu. Hata hivyo, kila jioni walitembea pamoja hadi njia panda, mzee akiikagua mikima kama mtu anayekagua ng'ombe wake.

Mwaka wa 2021 alipatikana na ugonjwa wa moyo. Miaka miwili baadaye, majirani kadhaa waliomba mikima sita ya njia ya kuingilia ikatwe ili magari makubwa yapite. Gachanja alisimama akapinga, na Katunge akampigia makofi.

Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi, kifua kilimbana. Ambulensi ilifika upesi hadi njia panda, lakini haikuweza kupita kati ya miti. Majirani walimlaza juu ya godoro wakambeba, Katunge akitembea kando amemshika mguu. Alikata roho kabla ya kulifikia gari.

"Ametulia," Katunge aliwaambia. "Pumzisheni mikono."

Tangu siku hiyo hajalia. Anakunja nguo, anachemsha chai, anauliza kama wageni wamekula. Watoto wakimbembeleza alie, anawaambia, "Sisikii kitu, jameni. Hata uchungu sijausikia bado." Tunamwonea huruma, na hatujui la kumfanyia.

Marehemu amemwacha mjane wake Katunge, wanawe Karanja na Mwau, wakaza wana wawili na wajukuu watano.

Mama Katunge ameomba wasifu huu umalizike kwa ombi lake. Leo, kwa sheria aliyoiandika mumewe, anasimama mbele ya majirani kuomba ile mikima sita ikatwe. Katika kitabu cha mtaa, mahali pa kuandika sababu, ameandika: Elijah Gachanja Karanja. Anajua mumewe angekataa. Anaomba watatu kati yenu waje waweke sahihi kabla jeneza halijashushwa, kisha tumwache mzee apumzike.