Bubu Hakusema Hayo

Kaeni hapo kitandani wote wawili, na wewe, kaka mtu, zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na nyimbo zako. Daktari amesema lake, nami nasema langu nikiwa na akili timamu. Chumba cha mbele na mashine ya fotokopi ni vyako, mwanangu, isipokuwa siku utakapouza tena tasnifu ya kupikwa, umebadilisha jina la juu tu kama mtu anayebadilisha foronya, siku hiyo mashine iwe ya dada yako, na mama yenu mdogo ni shahidi. Si ndiyo, shemeji? Usiinamishe kichwa, itikia.

Vitabu na meza ni vyako, binti yangu. Na hiyo tasnifu yako unayoikabidhi chuoni kesho nimeisoma yote, na kichefuchefu nilichopata hakikutokana na dawa.

Kurasa za mwanzo zinajikuna tu, "aidha" juu ya "vilevile" kama matofali yasiyo na saruji, na "dhana mtambuka" kila mstari, sijui inamtambuka nani. Unaandika juu ya mafundi cherehani, nafika katikati sijaona sindano! Swali lako ni kwa nini mafundi wa mtaa huu wanafunga vibanda. Basi uliza hivyo, jibu hivyo, na sentensi isiyosaidia kujibu itupe nje hata kama umeihangaikia wiki nzima. Ulichokitoa kwa mtu, mtaje, si kwa kumwogopa mwalimu, bali kwa sababu ni chake. Ulichokiona kwa mafundi watatu usikitangaze kuwa ni cha dunia nzima.

Hayo ningeyameza. Lakini fundi wa hapo ng'ambo ya barabara, yule bubu, ambaye tangu mzaliwe hamjamsikia akitamka hata "karibu", umemweka anahojiwa, naye anajibu nusu ukurasa: "Mabadiliko ya kimuundo katika soko huria yameathiri uzalishaji wangu." Bubu! Amepona lini? Kumbe kaka yako amekupa mahojiano ya watu wa mji mwingine, nawe ukabandika majirani zetu juu yake, hata kusoma hukusoma. Usicheke, wewe muuzaji, uchafu huu ni wenu wote.

Najua mdomo unakuwasha kusema, "Baba, kila mtu anafanya hivyo." Yule Kasuku niliyesoma naye alifanya hivyo, leo ana kiyoyozi, mimi nina digrii mbili na kikohozi. Nimepeleka maombi ya kazi mpaka mabawabu wakaniita mjomba. Inaniuma hadi leo, sitawadanganya. Lakini mwulizeni Kasuku swali moja juu ya tasnifu yake mwenyewe, muone atakavyokohoa kunishinda mimi.

Maji... Asante, shemeji.

Najua pia ulikuwa unakimbiza ili nikuone umevaa joho kabla sijaondoka. Sitaki. Sitaki kufa nikipigia makofi maneno aliyosingiziwa bubu. Kesho usikabidhi. Msimamizi wako atafoka, mwache afoke. Mahafali ya mwaka huu yakupite, nami... yanipite. Nenda ukae kibandani kwa yule bubu, atakuonyesha kwa mikono, mkewe atakufafanulia. Andika ulichokiona. Usichokielewa, andika kwamba hukukielewa. Hapo mtu akisoma... atakuamini.

Unasimama nini? Sijamaliza... Viatu vya nini? Sikusema sasa hivi.

Haya. Nenda, mama, nenda, fundi hajafunga kibanda bado. Mungu akupe macho ya kuona na... na mkono usioiba. Na wewe, kaka mtu, mfuate, kamwombeni radhi pamoja. Shemeji, niinulie mto. Mlango... msiufunge. Niwaone mkivuka.