Historia ya Naftali Sakaya, Mlishaji wa Swila

Mchungaji, wazee wa ukoo, mashemeji, majirani wa Elerai alikoishi marehemu, na ninyi wafanyakazi wenzake mliotoka Olasiti, mimi ni Eliamini, mdogo wa marehemu, tumeachiana ziwa, na nimepewa karatasi hii iliyopitishwa na kikao cha familia jana, nitaisoma, ila kuna jambo halimo humu na leo nitalisema, mnivumilie.

Marehemu Naftali Anande Sakaya alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa hapa Akheri, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Anande Sakaya, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha akachukua kozi ya mifugo Tengeru, akaimaliza mwaka 1989, nasi tukajua tumepata wa kutibu ng'ombe wetu.

Badala yake, Mei 1990 aliajiriwa kwenye bustani ya nyoka huko Olasiti, mama akalia siku mbili, na wakati wa posa tuliwaambia wakwe kwamba kijana wetu anafuga, hatukusema anafuga nini. Ndoa ilifungwa tarehe 9 Desemba 1995, yeye na shemeji yetu Eunike, wakajaliwa watoto wawili, Lucky na Rachel.

Mwaka 2009 bustani ililetewa swila mkubwa asiyekula chochote ila nyoka wenzake, na wengine wangemtupia nyoka yeyote aliyeletwa na wananchi kwenye kiroba, basi yaishe, lakini Naftali alikataa, akasema nyoka wa porini ana minyoo na wa shambani huenda amekula panya aliyetegwa kwa sumu, kwa hiyo kila aliyeleta nyoka aliulizwa nyoka huyo ameuawa wapi, kisha nyoka yule alipasuliwa, akakaguliwa, akakaa kwenye friza siku thelathini ili minyoo ife. Polepole akamzoesha swila kula panya, kwa kumsugua panya aliyekufa kwa gamba la nyoka ili anukie nyoka, na siku swila alipommeza panya wa kwanza kaka alinipigia simu anacheka kama aliyepata mtoto. Hata hivyo swila hakuacha kabisa kula nyoka, na kila Ijumaa kaka alimpima uzito na kuandika daftarini.

Sasa nafika kwenye lile lisilomo. Jumapili ya tarehe 21 Agosti 2016 ilikuwa kipaimara cha Rachel, mimi nikiwa msimamizi wa nyama, na friza ya kazini ilikuwa imeharibika, hivyo kaka alikuwa amehifadhi nyoka wake nyumbani, kwenye mfuko chini kabisa ya friza, nami niliufungua mbele ya wakwe. Jamani, nilimtukana kaka yangu mbele ya watu, nikawatupa nyoka wote chooni, naye akaniambia tu kwamba swila hana chakula cha wiki ijayo.

Aibu ilinishika, na keshokutwa yake nikampelekea nyoka mmoja, akaniuliza ameuawa wapi na amekaa kwenye friza siku ngapi, nikamjibu ametoka juu msituni na amekaa mwezi mzima, naye akaniamini kwa kuwa ni mimi. Nilimdanganya. Nyoka yule aliuawa asubuhi ileile, mlangoni pa ghala langu, ambamo nilikuwa nimetega sumu ya panya.

Swila alikufa siku ya nne baada ya kumla. Kaka alipewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye kulisha, akawekwa getini kukata tiketi, na kwenye daftari akaandika kwa mkono wake kwamba kosa ni la mlishaji. Wiki ile alikuja kwangu, akasimama mlangoni pa ghala, akayaona makopo ya sumu ya panya, kisha akaingia ndani, akala bakuli la loshoro, makande yetu ya maziwa mgando, akaniaga. Hakuniuliza hata neno moja, wala hakumwambia mtu, na mimi nikanyamaza miaka minane, mwoga mkubwa.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2023, akatibiwa hapa Arusha na baadaye Moshi, na ninyi mnaonong'ona huko nyuma kwamba nyoka wamemlipizia kisasi, acheni, hakuwahi kuumwa na nyoka hata mara moja. Alifariki Ijumaa tarehe 7 Februari 2025, saa nne asubuhi, saa aliyozoea kushika mizani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Elerai mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake mliomchangia damu. Meneja, nakuona umekaa pale, mwaka jana kaka alikuomba kwa barua arudi kwenye kulisha, ukamjibu kwamba daftari linamkataa, basi naomba daftari lile lifunguliwe, mstari ule ukatwe, na jina langu liandikwe pale, Eliamini Anande Sakaya, nitakuja mwenyewe kusaini.

Kaka, siku zote uliniuliza vizuri, mimi ndiye niliyekujibu vibaya. Pumzika kwa amani, mlishaji hakuwa na kosa.